Kumrudisha Asajile Isongole

Tangu nirudi, kila anayeniletea redio kutengeneza hukaa kwenye benchi langu na kuanza na swali lilelile: ilikuwaje kule mpakani, na ni kweli kwamba Asajile aliwekwa kwenye karai? Nimesimulia vipande vipande, leo mwanzo, kesho mwisho, na kila aliyesikia kwangu amekwenda kuongeza chumvi yake. Kwa hiyo naandika safari yote ya kurudi, hatua kwa hatua, anayetaka kujua asome. Habari za pasi, tiketi na mihuri naziruka. Hazina utamu, na aliyewahi kuvuka Tunduma anazijua kuliko mimi.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, kuna jambo moja la kulijua kwanza. Katika ukoo wetu, mtu akizikwa mbali, ndugu yake wa tumbo moja humfuata. Huchota udongo upande wa kichwani wa kaburi, huufunga kwenye nguo na kuuleta nyumbani mikononi. Njiani hauwekwi chini hata mara moja. Ukifika, hulazwa ubavuni mwa kaburi la baba yake. Kabla haujafika, hakuna nyumba ya ukoo inayoshika jembe.

Asajile alikuwa kaka yangu mkubwa. Aliondoka Isongole akiwa kijana, akafungua karakana ya useremala mjini Kitwe, Zambia, akaoa huko na kufia huko. Habari ilitufikia wakati mawingu yameanza kushuka kwenye milima ya Ileje na wenzetu wanatoa mbegu darini. Mama alinishika bega, akaniambia niende nirudi naye. Hakusema niwahi mvua. Hapakuwa na haja ya kusema.

Kitwe

Mazishi yalikwisha kwa heshima. Shida ilianza nilipoomba udongo. Waliokuwa wakiosha masufuria uani waliacha.

Shemeji yangu, Mama Chileshe, ni Mbemba, na ndugu zake walikuwa naye tangu msiba uingie. Mjomba wake, mzee mrefu wa maneno machache, alinikaribisha kwenye kiti karibu yake. Kibemba changu ni cha kuuzia betri, lakini nilimwelewa vizuri. Alisema, kwa upole na kwa kuweka neno la heshima mwisho wa kila sentensi, kwamba wao wanajua watu wa aina moja tu wanaosafiri na udongo wa makaburini, na watu hao huwa hawapewi hata maji ya kunywa.

Nilimweleza mila yetu mara mbili. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesikia lakini hakubali. Hapo Mama Chileshe, aliyekuwa amekaa mkekani tangu asubuhi, aliniuliza mama atafanya nini na udongo ule.

"Ataulaza ubavuni mwa baba, kisha atalima," nikasema.

"Na asipoupata?"

"Hatalima."

Aliinuka. Alichana kitenge chake kipya katikati, akatutangulia makaburini, akapiga magoti na kuchota mwenyewe kwa viganja. Tulisimama nyuma yake tukimtazama. Alipotaka kufunga fundo, mjomba wake alimzuia. Nilidhani anakataza. Kumbe aliinama, akachota konzi moja kubwa, akaiongeza juu ya ile ya shemeji.

"Mpelekee mama," akaniambia, na fundo akalifunga yeye.

Kutoka Kapiri Mposhi

Basi lilijaa Kapiri. Konda alitaka mizigo yote iende chini, kwenye buti. Nilimwambia kifurushi changu hakiwezi kwenda chini. Akauliza kuna nini. Nikasema udongo. Akacheka, akampigia kelele dereva kwamba kuna mzee wa Kitanzania anahamisha nchi kidogo kidogo, na abiria wakacheka naye. Aliniacha nipande nacho.

Jirani yangu wa kiti hakucheka. Alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa iliyopasuka, aliyejitambulisha kwa jina la Masalu, Msukuma anayechimba dhahabu Saza. Alikuwa amekwenda kuangalia mashimo ya Wazambia na hakuyapenda. Tangu niliposema udongo, macho yake hayakutoka kwenye kitenge. Niseme kwa haki: mtu aliyeishi Saza akimwona mzee amekumbatia udongo na hataki uguse chini, ana sababu moja tu kichwani.

"Mzee wangu," akaninong'oneza tulipopita Mkushi, "ni mwamba au mchanga?"

Nikamwambia ni udongo wa kawaida, mwekundu.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa siri. Baada ya muda akauliza umetoka kina gani. Nikasema juu juu tu, mkono haukuzama. Akashusha pumzi. Akauliza kama pale ulipotoka kuna mtu. Nikamjibu kwamba kaka yangu yupo.

"Analinda peke yake?"

Nilidhani ni namna yao ya kuongea juu ya marehemu. Nikasema ndiyo, peke yake.

Kuanzia hapo sikununua chakula. Kila basi liliposimama Masalu alishuka mbio na kurudi na kitu: mihogo ya kuchemsha, nshima, ugali wao, na dagaa wa kapenta kwenye mfuko, hata viwavi waliokaushwa na chumvi, ambao nilikula kwa adabu kisha nikaongeza kwa kupenda. Nilijiambia moyoni kwamba vijana wa machimboni wanasemwa vibaya bure.

Mpika

Kabla ya kuingia Mpika springi ilivunjika. Dereva alisema fundi anakuja, na kwa sauti yake nikajua fundi hajaitwa. Tulishuka, tukakaa kwenye majani kando ya barabara. Nilitundika kifurushi kwenye tawi la mti mdogo, nikakaa chini yake. Upande wa kaskazini, upande wa kwetu, mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta. Abiria mmoja aliyetoka huko kwa basi la kushuka alisema mvua ya Tunduma imeanza, tena si ya kutania. Nilihesabu mawazoni: mahindi ya milimani yasipopandwa na mvua za mwanzo hukutana na baridi kabla hayajakomaa. Ukoo mzima ulikuwa umekaa uani ukinisubiri mimi, na mimi nilikuwa nimekaa majanini nikisubiri springi.

Masalu alirudi kutoka kijitoni na sahani ya bati aliyoiazima. Alichuchumaa karibu, akatazama huku na huku.

"Mzee wangu, tuoshe kidogo tu. Kiganja kimoja. Tuone rangi. Mimi siyo mwizi, nataka tuingie ubia."

Ndipo nilipoelewa ile mihogo. Nilimweleza wazi kaka yangu yuko wapi na analinda nini. Sahani ilibaki mkononi mwake. Aliangalia kitenge kilichoning'inia juu ya vichwa vyetu, akasogea akae pembeni kidogo asiwe chini yake. Kisha akaenda kijitoni kunawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Aliporudi, alisema neno moja tu, pole. Lakini tangu hapo, kila nilipohitaji kwenda kujisaidia, jambo lililokuwa limenitesa tangu Kapiri, yeye ndiye aliyepakata kifurushi. Mila yetu haisemi chochote juu ya mshikaji wa muda. Alikishika kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, na konda alipotaka kumtania alimtazama mpaka akaghairi.

Nakonde na Tunduma

Tulifika Nakonde mchana, kwenye foleni ya malori, wabadili fedha, wauza vocha na watu wanaosalimiana Kibemba na kuagana Kiswahili. Ardhi ilikuwa imelowa.

Upande wa Tunduma kuna meza ya ukaguzi wa mimea. Masalu alinigusa kiwiko tulipoikaribia.

"Sema ni unga."

Ushauri wake ulikuwa wa kirafiki, na pengine ungefaulu. Lakini kwetu anayerudi hukaa mbele ya wazee akaeleza kila kituo alichopita, na sikuweza kujiona nikimwambia mama kwamba mwanawe aliingia nchini kama unga.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye koti la mvua begani. Aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia. Akaniomba nifungue. Alitazama tu, hakugusa.

"Mzee, udongo hauvuki," akasema. Akanieleza sababu bila kuchoka: minyoo ya mizizi, magonjwa ya mnyauko, mayai ya wadudu yasiyoonekana kwa macho. Konzi moja inatosha kuharibu bonde.

Kilichonimaliza nguvu ni kwamba alikuwa na haki. Nimewahi kusoma vijitabu vya kilimo mpaka vikachanika, na kila alichosema nilikijua ni kweli. Ningebishana na mtu mkaidi. Kubishana na mtu anayelinda mashamba yangu mwenyewe sikuweza. Nilibaki nimesimama na kitenge kimefunguka mikononi, na watu nyuma yangu wakianza kuuliza kuna nini.

Akaniuliza ni udongo wa wapi. Nikamweleza yote, toka Kitwe mpaka jembe la mama. Alichungulia nje kwenye mvua.

"Ileje wameshapanda?"

"Wenzetu wamepanda. Sisi bado."

"Udongo mbichi siwezi kuupitisha, hata ungekuwa wa baba yangu," akasema. "Lakini ukikaangwa mbele yangu mpaka ukauke kabisa, usibaki na kitu hai, huo nitaupitisha."

Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kusikia udongo wa ndugu umekaangwa. Ruhusa nilikuwa nimeipata. Ila sikujua kama mama angeupokea udongo uliopita motoni au angesema nimemletea majivu. Nikajiuliza upande wa pili: nimwache wapi, kwenye pipa la takataka la mpakani? Nikakubali.

Nyuma ya ofisi kuna banda la Mama Nachalwe, mama wa Kinamwanga anayepika maandazi. Tulipomwambia tunachotaka, alilifunika karai lake kwa mikono yote miwili.

"Karai hili linalisha watu. Kesho nani atakula maandazi yangu?"

Afisa alimweleza kwa Kinamwanga, polepole. Mama Nachalwe alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akamwaga mafuta kwenye debe, akalisugua karai kwa majivu na maji ya moto mara mbili, akalirudisha mekoni.

"Weka," akasema. Kisha akawageukia wateja wake. "Na nikisikia maneno kwamba maandazi yangu yana mchanga, nitajua yametoka kwa nani kati yenu."

Nilimimina mwenyewe, na nikachukua mwiko. Nilipougeuza mara ya kwanza chembe chache ziliruka hadi ukingoni. Masalu alinishika mkono.

"Sivyo, mzee. Utampoteza."

Alilishika karai kwa matambara, akaanza kulizungusha na kulitikisa kwa mtindo wao wa kuoshea dhahabu, udongo ukitembea ndani kama maji, ukipanda ukingoni na kurudi, hakuna chembe iliyotoka. Mimi nilikoroga katikati. Mvuke ulipanda, na harufu yake ilikuwa ile ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Nililia, sikujificha. Wateja walikuwa wamesimama na vikombe vya chai mkononi, na mmoja alivua kofia.

Afisa alisimama pale, mikono imefungwa kifuani, mpaka mvuke ulipokwisha. Akachovya kijiko, akachunguza, akaitikia kwa kichwa. Masalu aliumimina kwenye kitenge, kisha akaomba unyoya wa kuku ambao Mama Nachalwe hupakia mafuta, akafagia karai kuanzia ukingoni hadi katikati, tena na tena.

"Dhahabu ikipotea tunachimba nyingine," alisema akifagia. "Huyu hana mwingine."

Alipomaliza, alilielekeza karai kwenye mwanga, akalitazama kwa makini.

"Vipi, kuna rangi?" afisa akauliza.

"Hakuna," akajibu Masalu kwa aibu. "Samahani, mzee. Ni mazoea."

Mama Nachalwe ndiye aliyeanza kucheka, akafuata afisa, na mwisho nikajikuta na mimi nacheka, mara ya kwanza tangu habari ya msiba inifikie. Tulivuka hivyo, tukiwa tunacheka, na kifurushi kikiwa na joto kifuani kwangu kama mkate.

Mpemba

Masalu alinisindikiza mpaka Mpemba, njia panda ya kwetu. Nilitaka kumlipia nauli ya kuendelea, akakataa. Alisema amenilisha safari nzima akidhani ananihonga, basi acha iwe kweli alikuwa ananikirimu.

Kwenye pikapu ya Isongole nilimkuta dereva Ambokile, jirani yetu. Alinipa kiti cha mbele kwa sababu ya kifurushi, na habari kwa sababu ya mdomo wake. Mahindi ya majirani yamechipua. Mashamba ya ukoo wetu ni meusi matupu, watu wanayapita wakiyaonea huruma. Shangazi yetu Tusekile ameanza kusema kwamba anayechelewa kiasi hiki amebaki huko, na binamu zangu wawili wameonekana wakinoa majembe. Nikauliza mama anasemaje. Ambokile akasema mama hasemi. Anakaa mlangoni.

Kupanda milima, barabara ilikuwa sabuni. Gari lilikwama mara nyingi, na kila mara abiria walishuka kusukuma huku mimi nimesimama kando nimekumbatia kitenge. Kina mama waliotoka gulioni walinitania kwamba baba huyu anasukuma kwa kukumbatia. Ambokile alipowaambia nimebeba nini, waliacha utani. Gari lilipozama mpaka ekseli, mmoja wao alivua ndala zake ngumu za tairi akanipa, kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa vikiteleza. Nikashika njia kwa miguu.

Jua lilitoka mawinguni nikiwa kwenye mgongo wa mwisho wa kilima. Chini yangu niliona mistari ya kijani ya wenzetu, na katikati yake mashamba yetu, kama viraka. Mtoto wa binamu yangu alikuwa akichunga mbuzi. Aliona kitenge, akaacha mbuzi, akakimbia kuteremka. Nilipofika nyumba ya kwanza ya ukoo, watu walikuwa wamesimama mlangoni. Hawakunisalimu, ndivyo ilivyo. Walinipisha nipite, kisha wakaja nyuma yangu. Nyumba ya pili wakaongezeka. Nilisikia vyuma vikigongana na sikugeuka, lakini nilijua ni majembe.

Nyumbani

Mama alikuwa mlangoni. Wazee walikaa, mimi nikasimama na kifurushi, nikatoa taarifa kwa lugha yetu, Kindali, kituo baada ya kituo. Kwa mjomba wa Kitwe waliguna kwa kuridhika. Kwa Masalu na sahani yake walificha midomo. Nilipofika kwenye karai, waliacha kuficha midomo.

Shangazi Tusekile alisogea, akanusa kitenge.

"Inanuka jikoni hii," akasema. "Mmemkaanga mtoto wetu kama karanga, tena na mchimba dhahabu?"

Wazee walianza kuongea wote pamoja. Mmoja alisema udongo uliopita motoni si udongo tena. Mwingine alisema sheria ni sheria, afisa angefanya nini. Binamu walionoa majembe walitazama chini. Sikujitetea. Nilikuwa nimesema yote, na aliyebaki kuamua alikuwa mmoja.

Mama aliinua mkono, wakanyamaza.

"Kwenye hilo karai," akaniuliza, "alibaki?"

Nikamweleza ule unyoya, na jinsi Masalu alivyofagia mpaka bati likang'aa, na jinsi alivyolitazama karai kwenye mwanga asione kitu.

Mama alifungua fundo. Aliingiza mkono wote ndani ya udongo, akautuliza humo, kama anayepima uji wa mtoto.

"Kama hakubaki njiani, amefika," akasema. "Wifi yangu, shika upande huo."

Shangazi Tusekile alishika. Wawili hao walikibeba kitenge hadi ubavuni mwa baba, wakakilaza, na kwa mara ya kwanza tangu Kitwe mikono yangu ilikuwa mitupu, sikujua niiweke wapi. Watu walilia kidogo, kwa haki yake, kisha wakanyamaza, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na ardhi ilikuwa laini.

Mama aliomba jembe. Binamu zangu walitoa yao kwa pamoja, akayapita, akachagua jembe jepesi la mke wangu, aliyesimama karibu nao. Alikwenda ukingoni mwa shamba la baba, akachimba shimo la kwanza, si kubwa. Nyuma yake ukoo wote ulikuwa umejipanga mstari, majembe mabegani. Hakugeuka kututazama. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akisubiri nimpe mbegu.